Pesa ya kitabu kimoja: kipi kimfae mtu wa Kigoma aliyeacha nyama?

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Kigoma ukiuliza "leo mboga gani?" unaweza kujibiwa "nyama", au "migebuka", samaki wa ziwani, na hakuna atakayecheka. Mboga ni chochote kinachoteremshia ugali. Kwa hiyo mpwa wangu aliporudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam akamtangazia bibi yake kwamba siku hizi yeye ni mla mboga, mama yangu hakuona habari yoyote hapo. "Sote tunakula mboga," akasema, akaendelea kuchambua dagaa wa kutia kwenye sombe, yaani kisamvu.

Mambo yalizuka jioni. Binti alivuta sahani yake karibu na taa, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja kutoka kwenye sombe na kuwapanga ukingoni. Mama alimtazama mpaka wa saba, ndipo akauliza, "Kwani dagaa nao ni nyama?"

"Wana macho, bibi."

Kesho yake akanifuata. Katika ukoo huu mimi ndiye mwenye rafu ya vitabu, na sifa hiyo imenigharimu vingi vilivyoazimwa visirudi. "Mjomba," akasema, "nataka kitabu cha kunieleza vizuri hiki ninachokifanya. Nina hela ya kimoja tu." Nimemjibu kwa urefu kuliko alivyotaka, na jibu lenyewe ndilo hili.

Vilivyoingia kwenye mizani

Vipya ni vinne. Kuna Animal Liberation Now cha Peter Singer, 2023, ambacho ni kile kitabu chake cha 1975 kilichofumuliwa na kushonwa upya. Kuna No Meat Required cha Alicia Kennedy, nacho cha 2023. Kuna Regenesis cha George Monbiot, 2022, na EatMeatLess, kitabu cha mapishi cha taasisi ya Jane Goodall, 2021. Vya zamani nimeongeza viwili kwa sababu roho ilikataa kuviacha: Eating Animals cha Jonathan Safran Foer, 2009, na Afro-Vegan cha Bryant Terry, 2014. Vyote nimevisoma kwa Kiingereza. Viwili vinabishana, kimoja kinasimulia, kimoja kinapekua historia, viwili vinapika. Anayevipanga vyote sita kama vya aina moja hajavifungua.

Karibu vyote vimeandikwa kwa hasira dhidi ya kitu kimoja: ufugaji wa viwandani. Kuku kwa maelfu ndani ya banda moja, nguruwe jike kwenye kizimba asichoweza kugeukia. Msomaji wa Kigoma anaweza kupumua, akatazama kuku wake wa kienyeji anayelala juu ya mwembe, akasema hayo ni ya wenzetu. Asipumue mapema. Yule kuku wa kisasa wa wiki sita anayekaangwa pamoja na chipsi pale Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, ni ndugu wa damu wa hao wa vitabuni: mbegu ileile iliyochaguliwa kunenepa haraka kuliko miguu yake inavyoweza kubeba. Idadi ndiyo tofauti. Hapa mtu anao mia mbili nyuma ya nyumba, kule wako elfu ishirini.

Lakini kipimo chetu hasa si kuku. Ni dagaa. Kitabu kisichoweza kukaa meza moja na dagaa hakitamsaidia mpwa wangu zaidi ya wiki mbili.

Dagaa

Singer ndiye anayeubana mkono zaidi hapa. Hoja yake aliichukua kwa Jeremy Bentham, Mwingereza wa karne ya 18: usiulize kama kiumbe kinafikiri au kinasema, uliza kama kinaumia. Kikiumia, maumivu yake yana uzito, na kuyapuuza kwa sababu tu si ya binadamu ni ubaguzi, kama ulivyo ubaguzi wa rangi. Samaki anaumia, anasema Singer, na kifo chake cha kukosa hewa ni cha polepole. Ukikubali kila hatua, unajikuta unahesabu. Ng'ombe mmoja analisha harusi nzima. Dagaa je? Nilichota kiganja kimoja cha dagaa wakavu kwenye kopo la mama, nikahesabu: 38. Kiganja kimoja, na mama hutia viwili. Kwa hesabu hiyo anayeacha nyama ya ng'ombe akabaki na dagaa ameongeza vifo. Singer hakuiandika hesabu hii kwa ajili ya Kigoma, ila njia yake inakufikisha hapohapo, utake usitake. Toleo jipya limeandika upya sura za wanyama wa maabara na za ufugaji, na mabadiliko ya tabianchi yameingia. Sura ya maabara ni nzito. Mimi niliisoma kwa siku nne, ukurasa huu leo, ule kesho.

Foer naye anafika kwa samaki, ila kwa njia ya kokoro za baharini na ndoano za maili nyingi, zinazobeba kobe na papa ambao hakuna aliyewataka. Uvuvi wetu wa dagaa sivyo ulivyo. Ni wa usiku wa giza, mitumbwi na taa, dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawainua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanalala nyumbani. Ukisimama ufukweni Kibirizi usiku wa giza, ziwa limejaa taa kama mji mwingine ulioota upande wa pili. Kwa hiyo sura ya Foer ya samaki haitugusi sana. Nzuri, lakini ya bahari nyingine.

Monbiot ni mtu wa udongo, samaki si hoja yake. Kennedy vilevile anaandika Marekani na Puerto Rico.

Jambo ambalo nilitamani mmoja wao aliseme ni kwamba kwetu swali la dagaa si maumivu peke yake. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na linagawanywa na nchi nne. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Andrew Cohen na wenzake, waliosoma tabaka za tope la chini ya ziwa, ulionyesha kwamba maji ya juu yanavyopata joto hayachanganyiki tena vizuri na ya chini. Rutuba inabaki kilindini, vijimea vinapungua, na samaki pia. Upungufu huo ulianza hata kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri. Halafu juu ya hilo ndio wavu ukaja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hiyo nyumba nyingi zilirudi kwenye maharage bila kusoma ukurasa hata mmoja wa Singer. Mama alilalamika wiki ya kwanza, ya pili akaanza kutia karanga, ya tatu alikuwa anajisifia.

Hoja ya sokwe

Vijiwe vya kahawa vya Ujiji vina jibu moja kwa wote wanaoacha nyama: "Hata sokwe wa Gombe anakula nyama." Ni kweli, na ni hapahapa ilipojulikana. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alifika msitu wa Gombe, mkoani Kigoma, Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwemtu akitafuna nyama, jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia. Ambalo kijiwe hakilijui ni kwamba Goodall huyohuyo aliacha nyama miaka ya 1970 baada ya kusoma kitabu cha Singer. Alisimulia mara nyingi kwamba aliitazama nyama ya nguruwe kwenye sahani yake akaona hofu, maumivu na kifo. Aliyewaona sokwe hao wakila nyama kwa macho yake hakuona kwamba uwindaji wao unampa yeye ruhusa.

Singer anaijibu hoja hii waziwazi, na katika kitabu cha mwanzo anamleta Benjamin Franklin, aliyekuwa ameacha nyama mpaka siku alipoona samaki mkubwa akipasuliwa na wadogo wakitoka tumboni. Akasema, kama nyinyi mnalana, sioni kwa nini nisiwale. Kisha akakiri kwa utani kwamba harufu ya kikaangoni ilimsaidia kufikia uamuzi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu mgebuka ni hivyohivyo. Mpasue aliyetoka ziwani alfajiri, tumboni utamkuta dagaa hajaharibika hata macho. Kila mtoto wa Kigoma aliyewahi kutumwa kuparua samaki ameliona tukio la Franklin kwa macho yake. Jibu la Singer ni fupi: mgebuka hana kingine cha kula wala hawezi kupima alitendalo, wewe unavyo vyote viwili.

Kwa anayetaka kusimama kijiweni na asitoke ameshindwa, basi, ni Singer. Hana mpinzani kati ya hawa sita.

Bibi wa Foer na mama yangu

Lakini nyumba si kijiwe. Nyumbani kumshinda mtu hoja ni kujikosesha chakula.

Eating Animals hakianzi na hoja, kinaanza na bibi. Bibi yake Foer alikuwa Myahudi aliyetembea Ulaya nzima akikimbia vita, akila alichookota. Karibu na mwisho wa vita, akiwa hajui kama atafika kesho, mkulima mmoja Mrusi akamhurumia akamletea nyama. Ilikuwa ya nguruwe. Akakataa. Mjukuu anashangaa: hata kuokoa maisha yako? Bibi anamjibu kwamba kama hakuna kitu chenye maana, hakuna cha kuokoa.

Nilimtafsiria mama kipande hicho usiku mmoja, mpwa wangu akiwa amekaa pembeni. Mama ni mtu wa Ujiji, ameswali tangu utoto, na nguruwe ni kitu ambacho hata jina lake hulitaja kwa nadra. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo bibi Mwislamu?"

"Myahudi, mama."

"Kwetu dharura inaruhusu," akasema. "Mtu wa kufa kwa njaa ana ruhusa." Akanyamaza kidogo, akiwa bado na ungo mapajani. "Lakini namwelewa."

Siwezi kudai kwamba alimwelewa na mjukuu wake papo hapo. Ila toka siku ile dagaa hawaingii tena chunguni mwa sombe. Wanakaangwa kando, kibakuli chao, anayetaka anachukua. Kitabu cha Singer kisingeweza kufanya hivyo. Ukimwambia mama kuhusu usawa wa maslahi ya viumbe, atakuuliza kama umekula.

Foer ana kasoro zake. Kitabu kimezeeka miaka na takwimu zake ni za Marekani ya wakati ule. Anapenda mbwembwe za uandishi kupita kiasi, na kuna kurasa ungezipunguza. Lakini ameacha nafasi kwa wanaompinga: kuna barua za mfugaji wa kiwandani anayejitetea mwenyewe, na za mfugaji wa ng'ombe ambaye wakati ule yeye binafsi alikuwa hali nyama. Ugomvi wa familia unahitaji kitabu cha namna hiyo.

Monbiot na Kennedy, ambao wasiwekwe chumba kimoja

Wote wawili wanataka tuache nyama, na hapo ndipo wanapoachana.

Regenesis kinaanza na mtu amepiga magoti akichimba udongo wa shamba la matunda Uingereza, akihesabu vijidudu. Kurasa hizo za mwanzo ni tamu kuliko zote katika vitabu hivi. Baadaye anaingia kwenye ardhi: mifugo inachukua eneo kubwa mno kwa chakula kidogo inachotoa, na ng'ombe wa kuchungwa malishoni, ambaye wengi humwona msafi, ndiye anayemeza ardhi nyingi zaidi. Mtu aliyeona mifugo ikisogea mwaka hadi mwaka kwenye misitu ya magharibi mwa Tanzania atatikisa kichwa kukubali, kisha atakumbuka kwamba nyuma ya kila kundi kuna familia isiyo na akiba nyingine. Hapo Monbiot ni mwepesi kuliko ninavyotaka. Jibu lake kubwa ni unga wa protini unaotokana na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi. Alikwenda Finland, akapikiwa chapati yake na akaipenda.

Kennedy angeikataa. Kitabu chake ni historia ya watu walioishi bila nyama Marekani, wa dini, wa siasa na wa muziki wa panki, na hofu yake ni kwamba kampuni kubwa zinazotengeneza baga za kuiga nyama zinatuuzia tabia ileile kwa kifungashio kipya. Anataka maharage yabaki maharage. Nipo upande wake. Mtu wa Kasulu anayelima maharage hahitaji tangi la Finland. Ila tahadhari: sura nyingi zimejaa migahawa na majina ya Marekani ambayo kwetu ni kelele tu. Niliruka nyingine na sikupoteza kitu.

Kipo kimoja kwa Monbiot ambacho mkulima asikiruke, sura ya Iain Tolhurst, anayelima mboga kusini mwa Oxfordshire miaka mingi bila mbolea ya kiwandani na bila samadi. Rutuba anaipata kwa mazao ya kufunika ardhi na chipsi za miti iliyopondwa. Wazee waliokuwa wakipanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, na kuyalimia chini hawatashangaa, ila watafurahi kusikia.

Jikoni

Nitapita haraka, maana hapa uamuzi ni rahisi. EatMeatLess kina mapishi ya kivegani, yasiyo na nyama, samaki, mayai wala maziwa, yaliyopigwa picha nzuri, na kimebeba jina la mtu ambaye Kigoma inamhesabu wake na yeye aliihesabu Kigoma yake mpaka alipofariki Oktoba 2025. Kwa zawadi kinafaa. Kwa kupikia, vitu vyake vingi ni vya supamaketi za Marekani. Afro-Vegan cha Terry, mzaliwa wa Memphis, kinachukua bamia, kunde, karanga, nazi, viazi vitamu na kuvichanganya kwa njia za Afrika, Karibiani na kusini mwa Marekani, na kila pishi amelipangia wimbo wa kusikiliza ukipika. Umri wake si tatizo, kwa sababu bamia haina toleo jipya. Mpwa wangu aliwahi kupika moja ya supu zake akiongeza mawese badala ya mafuta aliyoelekezwa, na mama akaomba kuongezewa. Hakuuliza imetoka wapi.

Kuhusu hayo mawese: huko Ulaya wasomaji wengi wa vitabu hivi huyakwepa kwa sababu ya misitu iliyofyekwa Indonesia na Malaysia. Usiibebe aibu hiyo bila kuipima. Michikichi ya bondeni iliyorithiwa na babu, na mafuta yaliyokamuliwa uani, si shamba la maelfu ya hekta. Msitu ukifyekwa leo ili kupanda michikichi mipya, hapo swali ni lilelile na wewe umo.

Asali ni kesi ya Tabora zaidi. Vegani kamili, kwa maana waliyoijenga Donald Watson na wenzake Uingereza tangu mwaka 1944, hali asali. Shemeji yangu wa Tabora, aliyeshuka kwenye treni na dumu la lita tano, alisikia hivyo akaketi. Hoja yake ilikuwa kwamba mizinga ndiyo sababu ya misitu ya miombo kwao kusimama; atakayeacha kula asali ampe mlinaji sababu nyingine ya kutokata mti. Naye nilimkumbusha kwamba mzinga wa gome unaua mti unaobanduliwa. Tukaachia hapo, maana chai ilikuwa inapoa. Na asali ilitiwa.

Kabla ya uamuzi, neno moja la afya. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Aliyeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kabisa anahitaji vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, na mjamzito au mwenye mtoto mdogo aonane na afisa lishe kwanza. Sombe haina B12 hata ukiitwanga mara ngapi.

Kwa hiyo kipi?

Ukiishi na wazee na mnakula sahani moja, nunua Foer, uvumilie mbwembwe zake. Ukiishi peke yako na marafiki wa kubishana, Singer. Ukiwa na shamba, Monbiot, ila azima, usinunue. Utasoma theluthi moja kwa makini na iliyobaki kwa hasira. Kennedy umsome ukishasoma wawili wengine. Ukiwa umeshaamua na unachohitaji ni kupika, Terry, bila kufikiri mara mbili.

Nilimshauri mpwa wangu Foer, kwa sababu ya mama. Alinishukuru vizuri, kisha akanunua Singer. Anasema akirudi likizo ijayo anataka kupita Ujiji, kwenye kijiwe kilekile, awajibu wale wa sokwe. Foer wangu amemwachia bibi yake, ambaye hasomi Kiingereza, na ambaye amekiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni.